Jinsi ya kulisoma hekalu la Rajaraja huko Thanjavur, kuanzia msingi hadi kilele

Mgeni wa kawaida akiingia katika hekalu kubwa la Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, huinua shingo, hupiga picha ya mnara, humzunguka fahali wa jiwe kisha hutoka. Nusu saa imekwisha. Mnara unastahili kutazamwa, hilo halina ubishi, lakini habari za hekalu hili hazikuandikwa kichwani. Zimeandikwa miguuni, kwenye msingi, mahali ambapo watu hukaa kupumzika bila kujua wameegemea nini. Mwongozo huu unafuata njia ya mtu anayetaka kujua alama ipi ni ya nani, ya lini, na imewekwa pale kwa sababu gani. Tenga saa tatu, au bora zaidi ugawe ziara mara mbili: asubuhi mapema, kisha jioni.

Maandalizi

Anza na majina, maana yatakuchanganya. Mjenzi, mfalme Rajaraja I wa ukoo wa Chola aliyetawala mwaka 985 hadi 1014, aliliita Rajarajesvaram. Watamil wenyewe husema Periya Kovil, yaani hekalu kubwa. Brihadishvara, jina lililo kwenye vibao na tiketi za treni za watalii, ni la Kisanskriti na lilienea karne nyingi baadaye. Yote matatu ni hekalu moja, la Shiva, mungu wa Kihindu.

Pili, kariri vipindi vinne. Bila hivyo utasimama mbele ya kitu cha karne ya 17 ukidhani ni cha Chola. Wachola walijenga mnara, kumbi za mbele yake, malango mawili ya ndani, ukuta na baraza linalouzunguka ua. Kazi ilianza karibu mwaka 1003 na ilikuwa imefika kileleni mwaka 1010. Wapandya walioshika eneo hili katika karne ya 13 waliongeza hekalu dogo la mungu wa kike. Wanayak walitawala Thanjavur kuanzia 1532 hadi 1673. Kisha wakaja Wamaratha wa nasaba ya Bhonsle, waliobaki hadi 1855. Kila mmoja aliacha mkono wake humu.

Vifaa si vingi. Darubini ndogo ya mkono ni ya lazima, kwa sababu nusu ya sanamu ziko juu kuliko jicho linavyoweza kuona vizuri. Chukua tochi ndogo, dira (ya simu inatosha) na soksi nene. Viatu huachwa langoni, na sakafu ya ua ikishapigwa na jua la saa tano haikanyagiki. Watu huruka kutoka kivuli hadi kivuli na hawaoni chochote. Tripodi ya kamera huhitaji kibali cha Idara ya Akiolojia ya India, ambayo inalitunza jengo tangu 1922, hivyo usiibebe bure. Ibada inaendelea kila siku: kwa kawaida patakatifu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, halafu saa kumi jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Hakuna kiingilio. Ndani ya patakatifu picha haziruhusiwi. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, na kuhani akikuashiria usimame, simama.

Novemba hadi Februari joto hupungua, ingawa mvua za kaskazini mashariki huweza kunyesha tangu Oktoba hadi Desemba. Kwa mtu wa kutazama michongo, majira yana maana nyingine pia. Jengo linatazama mashariki. Miezi ya baridi jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo ukuta wa kusini huangazwa karibu mchana kutwa na wa kaskazini hubaki gizani. Mei hadi Julai mambo hugeuka. Ukitaka picha nzuri ya ukuta wa kaskazini mwezi Desemba, umechagua mwezi usiofaa.

Malango

Utapita lango la nje la enzi ya Wamaratha, ndani ya ngome yenye handaki ambayo si ya Chola hata kidogo. Lipite haraka. Lango la pili ndilo la kwanza la Rajaraja: Keralantakan, jina linalokumbusha ushindi wake dhidi ya Kerala. La tatu ni Rajarajan tiruvasal, yaani lango takatifu la Rajaraja. Lango la namna hii lenye ghorofa juu yake huitwa gopura.

Simama kati ya haya mawili na ulinganishe kimo. Keralantakan ni refu kuliko Rajarajan, lakini yote mawili ni mafupi na mapana, na nyuma yake mnara wa patakatifu unayazidi mbali sana. Hapa kuna somo la kwanza la usanifu. Mtu aliyezoea mahekalu ya Madurai au Srirangam amezoea malango marefu yenye rangi na patakatifu padogo pasipoonekana. Mtindo huo ulikuja baadaye, mahekalu yalipoendelea kuzungushiwa kuta mpya na kila mfalme akaongeza lango refu kuliko la mwenzake. Rajaraja alifanya kinyume: urefu wote uliwekwa juu ya mungu, na malango yakawa ya kutangulia tu.

Kwenye uso wa lango la Rajarajan wamesimama walinzi wawili wakubwa wa jiwe. Usiwapite. Mlinzi ameegemea rungu, na penye rungu pana nyoka anayemeza tembo. Wachongaji walikuwa wanakupa kipimo: ukiujua ukubwa wa tembo, utaukadiria wa nyoka, na ukishaukadiria wa nyoka utajua mlinzi ni mkubwa kiasi gani. Kisha fikiria analindwa nani.

Ua

Ukiingia uani, usikimbilie mnara. Nenda pembeni, uone umbo la ua wenyewe. Ni mita 240 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, na 120 hivi kutoka kusini hadi kaskazini: mraba mbili zilizowekwa bega kwa bega. Mnara umesimama katikati ya mraba wa magharibi. Ndiyo maana unaweza kuuzunguka ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma na kuutazama wote pande zote, jambo gumu katika mahekalu mengi ya kusini yaliyosongamana.

Baraza lenye nguzo linalozunguka ua lilijengwa kwa amri ya Rajaraja na jemadari wake Krishnan Raman. Maandishi yanasema hivyo. Leo lina safu za linga, nguzo fupi za jiwe zinazomwakilisha Shiva, na michoro ya ukutani ya nyakati za baadaye. Ndani yake kuna vyumba vya miungu walinzi wa pande nane za dunia. Tumia dira, uone jinsi kila mmoja alivyopangiwa upande wake.

Nandi, fahali wa Shiva aliye kwenye banda lake mbele ya hekalu ni jiwe moja lenye urefu wa mita 6 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 25. Ni wa enzi ya Nayak, pamoja na banda lake. Watembeza wageni wengi humpa Rajaraja sifa hiyo. Tazama nguzo za banda, kisha ulinganishe na nguzo za Chola kwa kipimo kitakachofuata hapa chini, utaona mwenyewe.

Miguu ya jengo: msingi na maandishi

Sasa sogea ukutani, upande wa kusini wa jengo kuu, na uanze chini kabisa. Usiinue macho kwa dakika 20 za kwanza.

Msingi wa hekalu la kusini si jukwaa tupu. Umepangwa kwa mikanda ya mawe, na kila mkanda una jina na umbo lake. Chini kabisa kuna jukwaa la kubebea, upapitha. Juu yake ndipo unaanza msingi wenyewe, adhishthana: mkanda bapa wa kukanyagia, kisha mkanda wenye petali za yungiyungi, kisha mkanda mnene wa mviringo uitwao kumuda, uliovimba kama boriti iliyolala, na juu ya huo safu ya yali, wanyama wa kubuni wenye sura ya simba, wanaotokeza vichwa na vifua. Pembeni, safu hiyo hufungwa kwa vichwa vya makara, mnyama wa majini. Ukishaijua mikanda hii hapa, utaitambua katika hekalu lolote la Kitamil hata ikipunguzwa au kurudiwa.

Na juu ya mikanda hiyo, hasa ile mipana, ndiko kulikochongwa maandishi. Ni ya Kitamil, na penye Kisanskriti pametumiwa mwandiko wa Grantha. Mwanzo wa andiko huutambui kwa kubahatisha: tafuta maneno ya heri svasti sri, ambayo hutangulia. Neno yandu hutangulia mwaka wa utawala, na nal hutangulia siku. Hata Mtamil wa leo husoma kwa taabu, kwa sababu herufi zimebadilika na ile nukta iitwayo pulli, inayoonyesha konsonanti isiyo na irabu, kwa kawaida haikuchongwa. Kwa hiyo mwenyeji akikuambia hasomi, usidhani anakukwepa.

Andiko kuu linaeleza lilivyotokea. Siku ya 20 ya mwaka wa 26 wa utawala wake, Rajaraja, akiwa katika jumba lake la Thanjavur, aliamuru vichongwe kwenye jiwe "vitu tulivyotoa sisi, alivyotoa dada yetu mkubwa, walivyotoa wake zetu, na walivyotoa wengine". Dada huyo ni Kundavai, na zawadi zake zimepewa nafasi ya heshima karibu na za mfalme. Kinachofuata ni daftari la hesabu la ukubwa wa jengo zima. Siku ya 275 ya mwaka wa 25, kwa mfano, mfalme alitoa chungu cha shaba cha kuwekwa kileleni, chenye uzito wa palam 3,083, kikafunikwa kwa dhahabu ya kalanju 2,926 na nusu (palam na kalanju ni vipimo vya uzito vya enzi hiyo). Hiyo nusu ndiyo inayopendeza. Mtu aliyepima dhahabu ya kwenda juu ya mnara mrefu kuliko yote ya enzi yake hakusahau nusu kalanju.

Orodha mbili zinafaa kufuatiliwa ukiwa na tafsiri iliyochapishwa mkononi (juzuu la pili la mfululizo wa maandishi ya kusini mwa India, uliohaririwa na E. Hultzsch, linayo karibu yote). Ya kwanza ni ya wanawake 400, wacheza ngoma wa hekalu, waliohamishwa kutoka mahekalu ya nchi nzima ya Chola. Kila mmoja ametajwa kwa jina, mahekalu walikotoka yameandikwa, na mtaa, safu na namba ya nyumba aliyopewa Thanjavur. Malipo yao ni fungu moja kila mmoja, nalo ni kalam (kipimo cha nafaka) 100 za mpunga kwa mwaka. Ni moja ya sehemu chache za karne ya 11 ambapo unaweza kujua nani aliishi nyumba ya tatu upande wa kusini wa mtaa.

Ya pili ni ya taa. Taa ya kuwaka daima ilihitaji samli kila siku, kipimo kiitwacho ulakku. Mtoaji hakuleta samli. Alitoa kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati 16, na wafugaji waliokabidhiwa wakawajibika kupeleka samli hiyo kila siku bila kukoma. Maandishi ya Chola huwaita kondoo wa namna hiyo wasiokufa wala kuzeeka: idadi haipaswi kushuka, aliyekufa anafidiwa na aliyezaliwa. Fedha nazo zilikopeshwa mabaraza ya vijiji kwa riba ya sehemu moja ya nane kwa mwaka, yaani asilimia 12.5, na riba ndiyo iliyonunua vitu vya ibada. Hekalu lilikuwa benki, ghala na mwajiri, na vijiji vyake vilikuwa mbali hadi kisiwa cha Lanka ambako majeshi ya Rajaraja yalikuwa yamefika. Ukisoma hivyo, mnara ule hapo juu unaanza kueleweka: uliinuliwa na mpunga wa bonde la mto Kaveri na ngawira za vita, si na ucha Mungu peke yake.

Onyo. Usipake chaki, unga wala maji kwenye herufi ili zionekane. Chumvi na unyevu huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kulimenya uso. Herufi zisipoonekana, ngoja jua la pembeni, kwa uso wa kusini saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni katika miezi ya baridi, ambapo kila mfuo hujaa kivuli chake. Penye giza, shika tochi sambamba na ukuta badala ya kuielekeza usoni mwa jiwe.

Ukuta

Hapo sasa inua macho hadi ukutani. Ghorofa mbili za kwanza zimesimama wima, zimetenganishwa na ukingo mzito uliojitokeza. Hili si jambo la kawaida. Mahekalu mengi ya Chola yana ukuta wa ghorofa moja kisha mnara unaanza kupungua. Hapa mjenzi alihitaji kimo, na akakipata kwa kurudia ukuta.

Kuta zimegawanywa kwa sehemu zilizojitokeza na zilizorudi ndani, na katika zilizojitokeza kuna vidaka vyenye sanamu za Shiva. Upande wa kusini mtafute Dakshinamurti, Shiva mwalimu, ambaye nafasi yake katika hekalu la Kitamil ni kusini siku zote. Ukimpata, umepata dira hata bila dira. Ghorofa ya juu ina jambo la kushangaza: umbo lilelile linarudiwa kidaka baada ya kidaka. Ni Tripurantaka, Shiva mpiga mishale aliyeteketeza miji mitatu ya mashetani. Kwa mfalme aliyetumia maisha yake vitani, kurudia huko si kukosa ubunifu. Katika sehemu zilizorudi ndani utaona nguzo bapa inayochipuka kutoka kwenye chungu. Huitwa kumbhapanjara, na ni pambo la kujaza nafasi, zuri sana likiangaliwa kwa darubini.

Kipimo cha nguzo nilichokuahidi ni hiki. Tazama kichwa cha nguzo, pale panapobeba boriti. Kichwa cha Chola cha enzi hii kimekatwa kwa pembe, kikavu, kina ulimi mdogo bapa katikati. Kwa wajenzi wa baadaye ulimi huo ulikua, ukapinda chini, mwishowe ukawa chipukizi la yungiyungi linaloning'inia. Ukiona chipukizi linaloning'inia, au nguzo yenye mnyama aliyesimama kwa miguu ya nyuma, uko katika kazi ya baada ya Chola. Kwa kipimo hicho kimoja utaweza kulitenga hekalu dogo la Subrahmanya, mwana wa Shiva, lililo kaskazini magharibi, kazi ya Nayak ya ufundi wa kupendeza kiasi kwamba wengi hulipenda kuliko jengo kuu. Kwa macho yangu, ni kazi ya sonara. Lile kubwa ni kazi ya mhandisi.

Hekalu dogo la Chandikeshvara, msimamizi wa mali za Shiva, liko upande wa kaskazini wa jengo kuu na ni la Chola kweli. Ni dogo, halina watu, na msingi wake una mikanda ileile kwa kimo cha mtu. Kama msingi mkubwa ulikuchanganya, nenda ukajifunzie pale.

Mnara

Mnara wa patakatifu huitwa vimana. Vitabu hutaja kimo kati ya mita 60 na 66, na upande mmoja wa msingi wake ni mita 30 hivi. Ngazi zake huhesabiwa 13, kila moja ikirudi ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, na kila moja imepambwa kwa safu ya vibanda vidogo: vya mraba kwenye pembe, vya mstatili wenye paa la pipa katikati. Kwa maneno mengine, mnara umejengwa kwa picha za mahekalu madogo. Juu ya ngazi ya mwisho kuna jukwaa lenye Nandi wawili kila pembe, jumla wanane, kisha shingo ya pembe nane, kuba ya pembe nane, na chungu cha kilele.

Kilichofanya kazi hii iwezekane ni utupu. Ndani, mnara ni mtupu. Patakatifu pamezungukwa na kuta mbili nene, moja ndani ya nyingine, na kati yake kuna ujia wa kuzunguka. Juu ya ghorofa ya pili, mawe ya kuta hizo mbili yanasogezwa kidogo kidogo, safu juu ya safu, hadi yanakutana na kuwa kitako kimoja kipana. Juu ya kitako hicho safu zinaendelea kusogea ndani hadi kileleni. Hakuna tao la kweli, hakuna chokaa ya kuunganisha. Jiwe limekaa kwa uzito wake na kwa kulaliwa na jenzake. Jiwe ni graniti, na bonde la Kaveri halina graniti: ni tope la mto. Kila jiwe lilisafirishwa makumi ya kilomita kutoka upande wa Tiruchirappalli.

Kuhusu kuba ya juu, utaambiwa ni jiwe moja la tani 80 lililopandishwa kwa tuta lililoanzia kijiji cha Sarapallam, kilomita 6 kutoka hapo. Si jiwe moja. Ni vipande vilivyounganishwa, na kwa darubini yenye nguvu, jua likiwa la pembeni, maungio huonekana. Tuta au jukwaa la namna fulani lilihitajika bila shaka, lakini hadithi ya tani 80 haina haja ya kurudiwa.

Hadithi ya pili ni kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Hii unaweza kuipima mwenyewe. Chukua kimo cha mita 60 na nusu ya upana wa msingi, mita 15. Jua likiwa karibu na utosi, pungufu ya digrii 14 kutoka wima, kivuli cha kilele huangukia msingi wa mnara wenyewe. Na Thanjavur, iliyo karibu na latitudo 11 kaskazini, hupata jua la namna hiyo adhuhuri kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba. Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Njoo Desemba saa sita mchana: jua liko digrii 34 kusini mwa utosi, na kivuli hutoka zaidi ya mita 20 nje ya ukuta wa kaskazini. Asubuhi na jioni kipo siku zote, watu wamekaa ndani yake wakisimulia kwamba hakipo.

Upande wa kaskazini wa mnara utaonyeshwa pia sura ya mtu mwenye kofia, anayesemwa kuwa Mzungu aliyetabiriwa na Wachola. Mnara umefanyiwa ukarabati wa lipu ya chokaa mara nyingi baada ya Chola, zikiwemo enzi ambapo Wazungu walikuwa wamekwisha kutia nanga pwani ya Tamil. Hahitaji utabiri.

Ndani

Kutoka mashariki unapita ukumbi mrefu wenye nguzo hadi mlango wa patakatifu. Linga ya Shiva iliyo ndani ni kubwa mno, imepanda kimo cha ghorofa mbili, na hilo ndilo jibu la kwa nini ukuta wa nje ulirudiwa mara mbili. Hutakaribia, utasimama mbali, kuhani atainua taa, utaiona kwa sekunde chache. Tumia sekunde hizo kutazama juu.

Sehemu mbili za thamani hazifunguliwi kwa umma kwa kawaida, na kuomba kwa mlinzi hakusaidii. Ya kwanza ni ujia wa chini, wenye michoro ya ukutani. Wanayak waliipaka kuta zake michoro yao, na hadi mwaka 1931 hakuna aliyejua kwamba chini yake kuna ya Chola, mpaka S. K. Govindaswamy wa Chuo Kikuu cha Annamalai alipoigundua palipokuwa pamebanduka. Wataalamu wa uhifadhi baadaye waliweza kuitoa tabaka ya Nayak bila kuiharibu ya chini. Humo kuna Tripurantaka mkubwa vitani, na mtakatifu Sundarar akisafiri kwenda mlima Kailasa, makao ya Shiva, juu ya tembo mweupe. Picha zake zimewekwa kwenye chumba cha maonyesho ndani ya ua. Anzia huko kabla ya kuingia ukumbini.

Ya pili ni ujia wa juu, wenye Shiva akicheza karana, mikao ya ngoma ambayo kwa kawaida ni 108. Zilizochongwa ni 81. Mawe 27 yaliyobaki yalishasawazishwa na kuwekwa ukutani, yakisubiri patasi ambayo haikuja. Hili linafundisha utaratibu wa kazi pia: mawe yalipandishwa yakiwa matupu, na uchongaji wa mwisho ulifanyika yakiwa mahali pake. Ukitaka ushahidi bila ruhusa ya kupanda juu, zunguka nje ukitafuta michongo iliyoachwa njiani.

Ukitoka, pita kwenye baraza la kusini magharibi: Serfoji II, mtawala wa Kimaratha, aliamuru historia ya ukoo wa Bhonsle ichongwe ukutani kwa Kimarathi mwaka 1803. Karne nane baada ya Rajaraja, mtawala mwingine aliona ukuta huu bado ndio mahali pa kuweka kumbukumbu zake. Ulinganishe mkono wa mchongaji: herufi za Chola ni pana na zina pumzi, hizi zimebanana kama barua.

Siku ya pili

UNESCO ililiweka hekalu hili katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka 2004 ikaongeza ndugu zake wawili. Nenda ukiwa bado unaikumbuka mikanda ya msingi. Gangaikondacholapuram, kilomita 70 hivi kaskazini mashariki, ni la Rajendra I, mwana wa Rajaraja: mpango ni uleule, lakini mistari ya mnara, ambayo kwa baba imenyooka kama piramidi, kwa mwana imepinda ndani taratibu, na kimo kimepunguzwa. Darasuram, karibu na Kumbakonam, ni la Rajaraja II wa karne ya 12. Mnara wake una mita 24 tu. Ukumbi wake wa mbele umechongwa kama gari la kukokotwa, lina magurudumu na farasi, na kwenye msingi wake, pale ambapo Thanjavur kuna hesabu za kondoo na mpunga, kuna vibao vidogo vya jiwe vinavyosimulia maisha ya watakatifu 63 wa Shiva. Vinatazamwa kwa kuchuchumaa, kwa hiyo chukua soksi zilezile na uende asubuhi.